NYAYA ZIKIKATIKA KICHWANI

Kuna neno moja ambalo limenichosha masikio. Nimelisikia Othaya, nimelisikia sokoni Karatina, na hata humu bwenini nimelisikia: "Anajifanya." Husemwa juu ya mtu aliyepatwa na kiharusi mwaka jana, mkono ukarudi, mguu ukarudi, lakini hata leo ukimuuliza jambo anachukua muda kabla ya kujibu. Husemwa pia juu ya kijana wa nduthi aliyeanguka barabarani, akatoka hospitali bila kidonda, na sasa hukasirika ovyo na kusahau alipoweka funguo. Kwa vile hatuoni bendeji, twaona uvivu. Mimi napinga neno hilo, na nitaeleza kwa nini.

Ubongo wa mtu mzima haufiki hata kilo moja na nusu. Sehemu ya juu, ile iliyojikunjakunja, ni ya kijivu. Humo ndimo zilimo seli ambazo sisi hupenda kuzisifu, zile za kufikiri na kukariri. Chini yake kuna sehemu nyeupe, nayo huchukua karibu nusu ya ubongo wote. Kazi yake ni kupeleka habari. Ni nyuzi, nyembamba kuliko unywele, zinazounganisha pembe hii ya ubongo na ile, na ubongo wenyewe na uti wa mgongo. Wataalamu wamekadiria kwamba ukizinyoosha zote na kuziunga, kijana wa miaka 20 ana zaidi ya kilomita 100,000 za nyuzi hizo kichwani. Lo! Kuizunguka dunia yenyewe ni kilomita 40,000 tu. Weupe wake ni wa mafuta. Nyuzi hizo zimefungwa kwa ganda liitwalo mayelini, jeupe kama mafuta ya kupikia yaliyoganda asubuhi ya Julai hapa Nyeri, na ganda hilo ndilo linaloufanya ujumbe uende mbio.

Hebu fikirieni stima. Mitambo ya Masinga na Kindaruma yazunguka kwa maji ya Mto Tana, ambayo mengi yatoka kwa mlima wetu na Nyandarua. Balbu yako nyumbani ni nzima kabisa. Lakini usiku wezi wamekata waya mahali. Je, utaiita balbu hiyo mvivu?

Kiharusi hukata waya hivi. Mshipa wa damu unazibwa au unapasuka, na sehemu iliyokuwa ikilishwa nao inakosa oksijeni. Seli za kijivu hufa, hilo twalijua. Lakini hata zile seli zinazotengeneza mayelini hufa upesi, na uzi ukikatwa na seli yake, kipande chote cha mbele hufa, hata kama kiko mbali na jeraha. Tena kuna mahali ndani kabisa ya ubongo ambapo nyuzi nyingi hupita pamoja kwenye njia nyembamba. Doa dogo kama harage likitokea hapo, nusu nzima ya mwili hupooza. Ni kama lori moja kupinduka pale Marua. Anayekwenda Nanyuki amekwama, anayekwenda Nyeri amekwama, na magari yao hayana ubovu wowote.

Watafiti walikadiria mwaka 2006 kwamba katika kiharusi cha mshipa mkubwa uliozibwa bila kutibiwa, kila dakika inayopita hupoteza seli za ubongo 1,900,000 na kilomita 12 za nyuzi. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kama kilomita 150. Basi piga hesabu mwenyewe: chini ya robo saa, barabara hiyo nzima imeng'olewa kichwani mwa mtu, na sisi bado tunabishana kama amerogwa au ni upepo mbaya! Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya kichwa kuonyesha kuwa si mshipa uliopasuka. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, safari ni ya hospitali. Mafuta ya kuchua na maombi yatamkuta huko huko.

Kuna na viharusi vya kimya. Hivi ndivyo vinanitisha zaidi. Presha huharibu mishipa midogo inayolisha sehemu nyeupe, polepole, miaka na miaka, na mwenyewe hahisi kitu. Picha ikipigwa madoa yanaonekana, lakini jirani haoni picha. Yeye anaona mzee anayetembea kwa hatua fupi, aliyepoa, asiyetaka mkutano wala kilabu, kisha anasema amekuwa na maringo.

Sasa tuje kwa kugongwa kichwa. Matatu ikikanyaga breki ghafla abiria wote huenda mbele, sivyo? Ubongo nao ni laini, na kichwa kikizungushwa kwa nguvu, tabaka za ndani hazigeuki pamoja na za nje. Nyuzi zinavutwa. Nyingine hukatika papo hapo, lakini nyingi huanza kuvimba na kukatika saa kadhaa au hata siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana yule aliyeamka, akajipangusa vumbi na kusema "niko sawa" huenda hayuko sawa. Hata picha ya kawaida ya hospitali inaweza kuonekana safi, kwa sababu nyuzi hizo ni nyembamba mno.

Sheria ya Trafiki tangu mwaka 2012 inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti. Uchunguzi uliofanywa nchi mbalimbali unaonyesha kuwa helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 70. Lakini simameni pale stendi ya Karatina muone: helmeti imetundikwa kwenye usukani kama kikapu! Ati inaharibu nywele. Ati ina jasho la watu. Sawa, beba kitambaa.

Wala tusiwacheke watu wa nduthi peke yao. Robert Wangila, Mkenya aliyetuletea dhahabu ya ndondi kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas mnamo Julai 1994 kwa jeraha la ubongo baada ya pambano. Huyo alikuwa bingwa. Sisi huku, kijana akigongana na mwenzake kwenye raga na kubaki ameduwaa, tunamwagia maji, tunamwambia akaze roho, anarudi uwanjani. Raga duniani sasa ina kanuni kwamba anayeshukiwa kuumia kichwa anatoka, harudi mchezoni siku hiyo. Najua wengine mtasema kanuni hii itatunyima kombe. Itunyime.

Guka yangu wa Mukurweini alipatwa na kiharusi. Wageni wakija, wanamsalimu, kisha kabla hajajibu wanamgeukia shosho: "Anakula? Analala?" Kumbe jibu lilikuwa njiani. Nimekaa naye likizo nzima nikihesabu kimoyomoyo. Likifika kumi na tano, mara nyingine ishirini, analitoa, tena kamili, na mara nyingi lina mzaha ndani yake. Ameniambia bei ya kahawa ya miaka ambayo mimi sikuwa nimezaliwa. Nyuzi zilizokufa hazirudi kirahisi, lakini ubongo unaweza kutafuta njia nyingine, kwa mazoezi na kwa kuzungumzishwa. Anayenyamaziwa hafanyi mazoezi.

Kwa hivyo ninaomba mambo mawili kwa Chama chetu na kwa walimu. Kwanza, kanuni ile ya raga iandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ubao wa michezo kabla ya muhula ujao. Niko tayari kuitafsiri. Pili, siku ya wazazi tuweke meza moja karibu na lango, yenye kipimo cha presha na muuguzi wetu, kila mzazi apimwe kabla ya kuona ripoti ya mtoto wake. Wengine presha itakuwa juu zaidi wakishaiona, kwa hiyo tuanze na mkono.