Makoma, Maziwa na Samaki wa Todonyang



Wiki hii twaiacha nazi yetu, twende Todonyang, kaskazini kabisa mwa Ziwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia na mdomo wa mto Omo. Jamaa zetu waendao Lodwar na Kakuma kwa kazi na biashara huulizwa warudipo: "Huko watu hula nini?" Mara nyingi swali hilo huulizwa kwa kicheko. Sisi twapenda kulijibu kwa heshima.

Waturkana ni wafugaji. Msimu wa mvua maziwa huwa mengi. Wanawake huyaanika juani yakawa unga uitwao edodo, akiba ya siku za ukame. Huokota pia makoma, wakayatwanga kuwa chakula. Mkoma huo ndio utupao sisi miyaa ya mikeka. Nao majani yake huyasukia vikapu.

Samaki zamani alihesabiwa chakula cha asiye na mifugo. Ukame uliomaliza mifugo umewapeleka wengi ziwani, na leo ngege na sangara hupasuliwa na kuanikwa kama ng'onda wetu. Lakini uvuvi wa Todonyang una hatari. Waturkana na Wadasanech hugombania maji na malisho ya huko, na mnamo Mei 2011 watu wengi waliuawa hapo. Kwa hivyo, samaki anayewekwa mbele ya mgeni si kitu kidogo.

Liko pia jambo linalotugusa katika dini. Wafugaji hao hutoboa mshipa wa shingo ya mnyama aliye hai, wakakinga damu na kuichanganya na maziwa, kisha jeraha huzibwa na mnyama akaishi. Kwao ni njia ya kupata chakula bila kupunguza mifugo. Kwetu damu ni haramu kwa hukumu iliyo wazi katika Suratul Maida, na nyama ni lazima tujue imechinjwa vipi. Hata hivyo, kuharamishiwa chakula si ruhusa ya kumdharau anayekila.

Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa akikitia chakula ila: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Alipowekewa mjusi wa jangwani hakumla, kwa kuwa hakuzoeleka katika nchi ya watu wake. Khalid bin Walid akamla mbele yake, wala hakumkataza. Basi si kila tusichokizoea ni haramu.

Dada atakayekaribishwa huko na apokee makoma na samaki kwa shukrani. Maziwa aulize kwanza kwa upole kama yametiwa damu. Yakiwa yametiwa, aseme dini yake haimruhusu, bila ya kukunja uso. Na sisi tuliobaki pwani tuwasimulie watoto habari za chakula hicho pasi na kicheko, kwani dharau hufunzwa nyumbani kabla ya kwingine kokote.

Wabillahi tawfiq.