MAREKANI KUNA DOLA, LIKIZO HAKUNA

Kijana mwenzangu unayeshinda kijiweni ukiota kuzamia Majuu, hebu nikuulize: Majuu ipi? Maana Marekani na Ulaya si kitu kimoja.

Marekani dola ipo, tena mara nyingi mshahara wao ni mnono kuliko wa Ulaya. Lakini sheria ya taifa haimlazimishi tajiri akupe hata siku moja ya likizo yenye malipo. Ukiipata, mara nyingi ni kwa mkataba au hisani yake. Tena karibu majimbo yote bosi anaweza kukutimua leo bila kutaja sababu, kibarua kikaota nyasi. Kima cha chini cha taifa, dola 7.25 kwa saa, hakijapandishwa tangu 2009.

Sasa vuka bahari uende Ulaya. Mwaka 1993 Umoja wa Ulaya uliamua kila mfanyakazi apate angalau wiki nne za likizo ya malipo kwa mwaka. Ufaransa ni wiki tano tangu 1982. Ujerumani, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 huwapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi inayowasimamia wakurugenzi. Mlalahoi anakaa meza moja na kigogo!

Je, matajiri wa Ulaya wana huruma zaidi? Thubutu! Wafaransa walipata wiki mbili za kwanza mwaka 1936, baada ya kugoma nchi nzima na kukalia viwanda. Haki ile haikushushwa na malaika.

Na usidhani Wamarekani ni waoga. Mei Mosi tunayoandamana sisi ilizaliwa kwao, Chicago, mwaka 1886, wakidai saa nane za kazi. Damu ilimwagika. Lakini wakubwa wao wakaiweka sikukuu ya wafanyakazi Septemba, na mwaka 1947 Bunge likapitisha sheria ya Taft-Hartley, ikapiga marufuku migomo ya kuwaunga mkono wafanyakazi wa kampuni nyingine. Ukiwatenganisha wanyonge, umewamaliza.

Kwa hiyo usidanganyike na maghorofa. Utajiri wa nchi si haki ya mfanyakazi. Uwe New York, Paris au kiwandani Vingunguti, swali la kwanza si tajiri analipa ngapi. Uliza: hapa wafanyakazi wameshikana? Kama hawajashikana, basi anza wewe!