Upele utazamwe kabla ya kupakwa krimu

Mtu akitokwa na vipele vinavyowasha, awe Kaagya, Bukoba mjini au Muleba, mara nyingi huanzia duka la dawa. Anajieleza, anauziwa tyubu ya krimu, anaondoka bila ngozi yake kuonwa na yeyote. Desturi hii inatuumiza. Krimu kali za steroidi, hasa zilizochanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria katika tyubu moja, zisiuzwe kabla mhudumu wa afya hajautazama upele. Dawa kama klobetasoli na betamethazoni hutuliza mwasho kwa kuipunguza nguvu kinga ya mwili pale zinapopakwa. Mwenye pumu ya ngozi hupata nafuu ya kweli, ndiyo maana siombi zipigwe marufuku. Mwenye mashilingi naye hupata nafuu, lakini ya muda: ule ukingo wa duara unafifia huku fangasi wakiendelea kutambaa. Akifika zahanati, alama ambayo ingeutambulisha ugonjwa imekwishafutika. Akizidi kupaka kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba na kujaa michirizi.

Mkoa wa Kagera una sababu zake za kutoudharau upele. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini waliripotiwa hapa mwaka 1983, na mkanda wa jeshi ukawa miongoni mwa dalili zilizowatisha watu. Leo tunajua kwamba mkanda huo unaweza kumpata yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga, ila kwa kijana ni sababu tosha ya kupima VVU mapema, wakati dawa zipo. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia Bukoba Vijijini ukaua watu sita. Ugonjwa huo nao unaweza kuleta vipele, ambavyo kwenye ngozi nyeusi ni vigumu kuviona. Hapo ndipo maelezo ya dukani yanapokwama. Tumefundishwa kutafuta wekundu, ilhali kwetu ngozi iliyovimba huonekana ya kahawia, zambarau au kijivu. Anayesubiri wekundu atasema hana kitu. Lazima ngozi iguswe: ina joto, imetuna, ina magamba?

Najua jibu litakalotolewa: mabingwa wa ngozi ni wachache, nauli ni ghali, na foleni inakula siku ya shamba. Ni kweli. Lakini sizungumzii bingwa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa afya tangu miaka ya 1990, na kipimo cha fangasi ni magamba yaliyokwanguliwa, tone la dawa na hadubini, ileile inayotumika kupimia malaria. Nauli nayo ihesabiwe pamoja na bei ya tyubu tatu ambazo hazikuponya. Halmashauri za Bukoba na Muleba zingeweza kuwapa waganga wa zahanati mafunzo mafupi yenye picha za ngozi nyeusi, kisha waganga hao wakaanza kutazama ngozi za watoto shuleni. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu yoyote, kwa sababu fangasi wameingia ndani ya unywele; mtoto anahitaji dawa ya kumeza, na dawa hiyo huandikwa na mtu aliyekitazama kichwa chake.