Mfuko wa Plastiki na Sanduku la Binti wa Sultani



Ukisimama asubuhi penye kituo cha mpaka cha Kobero, utayaona malori yakipanga foleni kutoka upande wa Kabanga, Tanzania, na siku nyingine utayaona mabasi yanayowarudisha Warundi waliokuwa katika kambi za Kigoma. Watazame wanaposhuka. Huyu kabeba mtoto mgongoni, yule kashika sufuria, mwingine anaburuta godoro. Lakini karibu kila kaya ina mtu mmoja aliyekumbatia mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi, wala hauweki chini hata anapopewa maji ya kunywa. Ndani ya mfuko huo mna karatasi.

Leo nataka tuzungumze juu ya karatasi hizo, nazo zina majina yake katika Kiswahili. Waraka, kwa wingi nyaraka, ni jina la jumla la maandishi yoyote yenye ujumbe au kumbukumbu. Hati ni waraka unaothibitisha haki, kama vile umiliki wa shamba au nyumba. Stakabadhi ni waraka unaokiri kwamba fedha au kitu kimepokewa. Wasia ni neno analoacha mtu kuhusu mali na watu wake baada ya kufa kwake, na mirathi ni mali yenyewe inayorithiwa. Mwanafunzi aliyeyajua maneno haya matano amejifunza Kiswahili kidogo, na amejifunza sheria kidogo pia.

Hoja yangu ni kwamba kuandika na kutunza nyaraka za nyumbani ni wajibu wa kila kaya, masikini kwa tajiri, na ni wajibu wa kiraia sawa na kupiga kura. Najua mtu atanijibu kwamba nyaraka ni mambo ya wakubwa. Kwa hiyo nitaanza na wakubwa, nikupeleke Unguja, katika familia moja ya karne ya kumi na tisa.

Mwaka 1844, katika jumba la Beit il Mtoni, Sultani Sayyid Said alizaliwa binti aliyeitwa Salme. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Katika nyumba ile watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Kalamu ilikuwa ya wanaume. Salme hakuridhika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto wa wakati ule waliutumia kama sisi tunavyotumia ubao, akawa ananakili herufi za Kurani kwa siri, moja baada ya moja, mpaka mkono ukazoea. Ninapowaona wasichana wa darasa langu wakilalamika kwamba insha ya kurasa mbili ni ndefu mno, mfupa ule hunijia akilini. Huwa nanyamaza. Leo nimeona niseme.

Ujuzi ule ulimpa nguvu na ukamtia mashakani. Baba yake alifariki baharini mwaka 1856, na ndugu wakaanza kugombana. Mwaka 1859 Barghash alitaka kumpindua ndugu yake Majid, aliyekuwa ameketi kitini Unguja. Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, ndiye aliyekuwa mwandishi wa njama hiyo, kwa sababu alijua kuandika. Njama ilishindwa, Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Salme akabaki na shamba la mikarafuu la Kisimbani na urithi wake kwa wazazi, na baadaye akapatana na Majid, jambo ambalo Barghash hakulisahau.

Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Huko Aden alibatizwa kwa jina la Emily, wakaoana mwaka 1867, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa katika ajali ya tramu, naye akaachwa na watoto watatu katika nchi ya baridi, asiye na ndugu hata mmoja karibu. Mwaka huohuo Barghash alikuwa sultani.

Nakuomba uliangalie sasa jambo la mirathi. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja pamoja na meli za Wajerumani, ambao walikuwa na shabaha zao wenyewe katika pwani yetu, akadai haki yake katika urithi wa jamaa zake. Alirudi tena mwaka 1888. Mwaka 1885 Barghash alikataa kumpokea. Kwake, dada aliyetoroka na kubadili dini hakuwa na la kudai. Ndugu yule ambaye barua zake ziliandikwa kwa mkono wa Salme alipokuwa akitafuta ufalme, hakuwa na jibu kwa dada yake alipokuwa akitafuta fungu lake.

Basi mwanafunzi mwerevu atauliza: Kama hakupata mali, nyaraka zilimfaa nini? Ni swali zuri, na sitalikwepa kwa maneno matamu. Karatasi haina jeshi. Mwenye nguvu akitaka kuidharau, ataidharau. Lakini Salme hakuacha kuandika. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, akaeleza nyumba ya baba yake chumba kwa chumba: chakula, mavazi, masomo, ndoa, magonjwa na ugomvi. Aliandika pia masimulizi ya maisha yake ya Ulaya katika umbo la barua kwa rafiki aliyebaki nyumbani, ambayo hayakuchapishwa alipokuwa hai. Alifariki mwaka 1924. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, alikusanya vitabu na karatasi za familia, akavikabidhi kwa taasisi moja ya elimu huko Leiden, Uholanzi, na leo mtafiti yeyote anaweza kuomba kuzisoma. Mwaka 1993 mtaalamu wa Kiholanzi, E. van Donzel, alizitoa kumbukumbu na zile barua pamoja kwa Kiingereza.

Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jumba refu linalotazama bahari, na bado wageni hulipiga picha. Lakini anayetaka kujua watu wa nyumba ile waliishi vipi na nani alimlilia nani, hana budi kumwendea dada aliyekataliwa. Alinyimwa fungu lake la mali, lakini hakuna aliyeweza kumnyima fungu lake la habari.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba sanduku lile lina kila kitu. Katika mashamba ya karafuu walifanya kazi watumwa, na katika mirathi za zama zile mtumwa alihesabiwa pamoja na mali nyingine. Salme mwenyewe, pamoja na akili yake yote, aliutetea utumwa katika kitabu chake. Waliochuma karafuu za Kisimbani hawakuacha barua. Tunawaona kwa jicho la bibi yao tu, na jicho hilo halikuwa la haki. Hii ndiyo sababu nasema nyaraka zisiachiwe wakubwa. Asiyeandika huandikwa na mwingine, tena kama huyo mwingine apendavyo.

Sisi Warundi tunalijua jambo hilo. Wakati Salme anahangaika na mirathi yake, nchi hii ilikuwa chini ya Mwami Mwezi Gisabo, na mambo yake hayakuandikwa katika daftari. Mpaka wa shamba ulishuhudiwa na umuvumu uliopandwa, na ugomvi ukaamuliwa na bashingantahe waliokumbuka nani alipewa nini na nani. Siudharau utaratibu huo. Ulifanya kazi kwa vizazi vingi. Lakini Mwaustria Oscar Baumann alipoivuka nchi yetu mwaka 1892, yeye ndiye aliyeandika, tena kwa Kijerumani. Kisha ikaja miaka ya 1972 na 1993. Wazee waliokumbuka waliuawa au walikimbia, na miti ikakatwa kuni. Waliporudi watu, walimkuta mwingine akilima, naye pengine alipewa ardhi hiyo bila hila. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilikutana na maelfu ya watu wenye kumbukumbu nzuri na mikono mitupu.

Marehemu baba yangu alinunua kipande cha shamba kwa maneno na pombe ya ndizi, mbele ya mashahidi watatu. Alipofariki, mashahidi wawili walikuwa wamemtangulia, na wa tatu akasahau. Sina uhakika kama alisahau kweli. Mama alipoteza nusu ya shamba lile, nami nikawa mwalimu wa lugha badala ya mkulima. Pengine ndiyo maana nachukia kazi ya nyumbani isiyo na tarehe.

Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 2011, ofisi ya ardhi ya tarafa inaweza kutoa cheti cha ardhi kwa mkulima wa kawaida, mradi majirani wathibitishe mipaka. Waulize wazazi kama wanacho. Kama hawana, waulize nani aliyekuwapo shamba liliponunuliwa, kisha keti uandike: tarehe, mahali, ukubwa, bei, majina ya mashahidi na majina ya majirani wa pande nne. Jina la mama liwemo pia, na la dada zako. Mswada huo si cheti, lakini shahidi akiusoma leo na kutia sahihi, hataweza kusahau kesho. Tengeneza nakala mbili, moja ikae nje ya nyumba, kwa shangazi au mjomba, maana moto hauchagui. Na usiandike kwa penseli.

Muhula uliopita niliwaagiza wanafunzi walete waraka mkongwe kuliko wote nyumbani kwao. Zilikuja kadi za ubatizo, kadi za chanjo, stakabadhi za karo, na hati moja ya mauziano yenye alama nne za dole gumba. Msichana mmoja alikuja mikono mitupu. Alisema kwao hakuna karatasi iliyovuka mto pamoja nao, ila bibi yake anakumbuka yote. Nilimpa daftari jipya. Wiki iliyofuata alilirudisha likiwa limejaa hadi ukurasa wa thelathini, nusu Kirundi, nusu Kiswahili, na ngeli zimemchanganya mahali pengi. Sikutia wino mwekundu. Nilimwomba aandike tarehe juu, na jina la bibi.