Mawe ya Mwezi na Fadhila ya Kungoja

Tuutazamapo mwezi mpevu twaona sehemu nyeupe na madoa meusi. Wataalamu wa kale wa Ulaya waliyaita madoa hayo bahari, na jina likabaki ingawa hamna hata ziwa. Ni basalti, yaani lava iliyoganda, yenye chuma kingi na mahali pengine titani. Sehemu nyeupe ni mwamba uitwao anothosaiti. Umejaa madini ya plagioklesi ambayo, kwa kuwa ni mepesi, yalielea juu wakati Mwezi ulipokuwa mchanga na uso wake ungali mwamba ulioyeyuka.

Kati ya 1969 na 1972 safari sita za Apollo zilileta kilo 382 za mawe na udongo. Kwa miaka mingi wataalamu walifundisha kwamba mawe hayo ni makavu kabisa. Hatuwalaumu, ndivyo vipimo vyao vilivyosema. Lakini mwaka 2008 Alberto Saal na wenzake walipima upya vijipunje vya kioo cha volkano kutoka Apollo 15 na 17, wakakuta alama za maji. Ni kidogo mno, ila yamo. Mawe yalikuwa yaleyale. Vyombo ndivyo vilivyoboreka.

Kwa hiyo twawapa heshima ya kwanza wale waliojizuia kuyasaga yote. Bomba moja la udongo, lililochimbwa na Apollo 17 Desemba 1972 na kufungiwa hukohuko mwezini, lilifunguliwa Houston mwaka 2022. Wapo waulizao: kuna faida gani kufungia hazina kabatini karibu miaka hamsini? Swali ni halali, hasa kwetu tuliozoea kuona vitu vikiozea stoo. Jibu letu ni kwamba jiwe likishasagwa halirudi kuwa jiwe.

Jambo hili si la historia tu. Chombo cha Uchina, Chang'e 6, kilileta mwaka 2024 gramu 1,935 kutoka upande wa mwezi usioonekana kwetu, mzigo wa kwanza kabisa wa huko. Haufiki pakiti ya unga ya kilo mbili! Maabara nyingi zitauomba, na kila moja itakuwa na sababu nzuri. Twaomba sehemu yake ifungwe, isiguswe, hata kama anayeomba ni bingwa mwenye sifa duniani kote.