Mbio zenu na mzigo wa mpagazi

Watu wanalipa kiingilio ili wikiendi nzima wakimbie, waendeshe baiskeli na kupiga kasia, kisha wanatuandikia kurasa na kurasa kuhusu ushujaa wao. Haya, hongereni. Lakini huku Tabora ushujaa wa safari una wenyewe: wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliokwenda Bagamoyo kwa miguu, miezi mitatu hivi, kilo 30 begani, kwa ujira waliopatana. Stanley, aliyebebewa mizigo, alichapisha kitabu 1872. Wao je? Hata Gurnah, kwenye Peponi, msafara tunauona kwa macho ya Yusuf, si ya mpagazi. Wala msiseme uchapaji ulikuwa mbali: Kipalapala hapo hapo kulikuwa na mitambo ya Tanganyika Mission Press. Waandishi, acheni visingizio. Tuandikieni riwaya ya mpagazi.