30 Agosti: Kumbukumbu Tunayoikwepa

Kalenda yetu ya kisiasa haina uhaba wa kumbukumbu. Tunaadhimisha Saba Saba, tunaadhimisha Muungano, na kila tarehe 9 Desemba tunahutubiana kuhusu Uhuru. Tarehe 30 Agosti huiacha ipite kimya.

Siku hiyo, mwaka 1960, Tanganyika ilifanya uchaguzi mkuu wake wa mwisho kabla ya Uhuru. Viti vilikuwa 71, na katika 58 wagombea walipita bila kupingwa. TANU ilitwaa 70. Kilichoiponyoka ni kimoja tu, cha Mbulu, wilaya ambayo wakati ule ilijumuisha pia Hanang ya leo. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda mgombea rasmi wa chama chake.

Wapiga kura wale hawakuukataa Uhuru. Walikataa kupangiwa mtu wa kuwasemea. Mbulu ilimpeleka Sarwatt katika Baraza la Kutunga Sheria, na miezi kumi na mitano baadaye bendera yetu ikapandishwa.

Leo wajukuu wao hawana haki hiyo. Katiba inamtaka kila mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo, na Mahakama Kuu ikamuunga mkono mara mbili. Hukumu ya 1994 ilijibiwa na Bunge kwa kubadili Katiba. Ile ya 2006 ilitenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2010. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, yenye makao Arusha, iliamua kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Katazo limebaki.

Watetezi wake husema mgombea binafsi ataleta ukabila na kuligawa taifa. Historia ya Mbulu inawakanusha. Nadhani hofu yao ni nyingine: kwamba jina likishakatwa kwenye vikao vya chama, mwananchi wa Dongobesh au Katesh angeweza kulirudisha kwa kura yake.

Ndugu msomaji, haki tuliyokuwa nayo chini ya gavana wa Malkia tumenyang'anywa chini ya bendera yetu wenyewe. Kabla ya kupamba majukwaa ya Desemba ijayo, Bunge na liirejeshe. Hapo ndipo tutakuwa na cha kuadhimisha.